Kitabu Bila Maneno: Je, ni Fasihi?

Tangu mwaka wa kwanza tunakaririshwa kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Sasa mbona *Sidewalk Flowers*, kilichotoka Kanada mwaka 2015, hakina hata sentensi moja ya hadithi, na bado jalada linamtaja mshairi, JonArno Lawson, pamoja na mchoraji Sydney Smith? Mshairi kafanya nini humo?

Nasema kasimulia. Binti mdogo anatembea mjini na baba yake. Baba yuko kwenye simu; mtoto anachuma vimaua vya magugu vilivyoota kwenye nyufa. Mwanzoni picha ni nyeusi na nyeupe, isipokuwa koti jekundu la mtoto na mauamaua hapa na pale. Anapoyagawa, kwa ndege aliyekufa, kwa mtu aliyelala kwenye benchi, kwa mbwa, rangi inazidi kuenea. Hapo fani imebeba dhamira.

Wapo watakaosema baba huyu ni mzembe. Mimi sikubali. Tazama mikono: simu ipo, lakini wanashikana. Maneno yangelazimika kumlaumu au kumtetea. Picha zinatuachia sisi wasomaji kazi hiyo.

Katika fasihi simulizi tunakubali kwamba ishara na ukimya wa fanani ni sehemu ya hadithi. Iweje tuukatae ukimya huohuo ukiwa kitabuni? Ama tukitupe nje kitabu hiki, ama tuipanue fasili yetu. Nachagua la pili. Anayepinga na ajitokeze.