Yuko Wapi? Alexis Kagame Mbele ya Thoma wa Akwino

Fundi wa Jibondo, kisiwa hicho kidogo cha matumbawe kusini mwa Mafia, haanzi chombo kwa mchoro wa karatasi. Akiulizwa, kabla hata mkuku haujalazwa, kazi hiyo ni ya nini, hujibu bila kusita: ni mashua. Akiulizwa mashua yenyewe iko wapi, hucheka: bado haipo. Kwa maneno mawili, *ni* na *-po*, ameshagusa tofauti ambayo Thoma wa Akwino (1225–1274) aliiandikia kijitabu kizima angali kijana: kukijua kitu ni nini si kujua kama kipo. Mfano wake ulikuwa ndege finiksi. Mashua ya Jibondo ingemfaa vilevile.

Tofauti hiyo Thoma hakuizua peke yake. Kurasa za mwanzo za kijitabu hicho zinamtaja Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037 na ambaye vitabu vyake vilikwisha kutiwa katika Kilatini huko Toledo katika karne ya 12. Msomaji wa pwani aliyezoea kusikia *dhati* na *sifa* darasani hana sababu ya kuingia katika falsafa ya Wakristo wa zama za kati kama mgeni anayebisha hodi. Nusu ya samani za nyumba ile zilitoka kwa jirani yake.

Aliyejaribu kwa dhati kuyapima mawazo hayo kwa lugha ya Kibantu ni Padri Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981), mwanahistoria na mshairi. Kabla yake, mwaka 1945, Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyekuwa Katanga, alidai kwamba kwa Wabantu kuwa ni nguvu. Kagame hakuridhika na dai lisiloshikwa na lugha. Katika kitabu chake cha 1956 juu ya falsafa ya Kinyarwanda, aliyachukua mafungu kumi ya Aristotle, yale yaliyokuwa mkate wa kila siku wa Thoma, akayakunja yawe manne: *umuntu*, *ikintu*, *ahantu*, *ukuntu*. Dhati inagawanyika kuwa mtu na kitu. Mahali na wakati vinakaa pamoja katika *ahantu*. Saba yaliyosalia yanasukumwa ndani ya *ukuntu*, namna.

Hesabu inatimia, labda kupita kiasi. Kiunzi ni cha Aristotle. Mbao tu ndizo za Rwanda. Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha 1976, aliwakemea wote waliodhani falsafa hulala ndani ya sarufi ikingoja kuamshwa. Falsafa, kwake, yataka mtu anayetoa hoja na mwingine anayeipinga. Kemeo hilo ni la haki, lakini halimwangushi Kagame mzima, kwa kuwa Kagame mwenyewe alikuwa mtu anayetoa hoja, na hoja yake bora haimo katika yale mafungu manne.

Imo katika kitenzi. Kagame aliona kwamba *kuwa* ya Kibantu haisimami peke yake. Descartes akithibitisha kuwapo kwake kwa kuwaza kwake, msikilizaji wa Kibantu hungojea sentensi imalizike: wewe ni nani? uko wapi? Kuwapo husemwa kwa kuonyesha mahali. Hapa Kiswahili kina la kuongeza. Neno *mahali* lilitoka Uarabuni, lakini upatanisho wake ni wa Kibantu mtupu: mahali *pa*zuri. Na fungu moja la Kagame, mvuvi hulipasua mara tatu: samaki wapo, wako, wamo. Wapo pale panapojulikana, wako huko, popote, wamo demani. Mshairi anayepanga vina hujua kwamba silabi hizo tatu hazibadilishani bila maana kuhama. Kagame angezikalia zaidi angeliacha lile jedwali na kupata falsafa.

Suala hili si la wanachuo peke yao. Thoma alishika kwamba jina limfaalo Mungu kuliko yote ni lile alilopewa Musa, Yeye Aliye, bila kijalizo. Waliotafsiri Biblia iliyotoka mwaka 1952 walilazimika kuegemea *niko*, neno lenye kidole kinachoelekeza mahali, kumtaja asiyezungukwa na mahali. Wanatauhidi wa Kiislamu nao walilihangaikia jambo hilohilo.

Kagame mshairi alikuwa jasiri kuliko Kagame mwanafalsafa. Alitunga kwa Kinyarwanda utungo mrefu wa kumwimbia Mwenye viumbe, *Umulirimbyi wa Nyili-ibiremwa*, na humo hakuwa na jedwali la kujaza. Atakayeutia katika Kiswahili itambidi achague silabi moja: kabla ya mahali kuumbwa, Muumba alikuwapo, alikuwako, au alikuwamo?