Kuchora Mbele za Watu

Kuchora papo hapo ni fani ambayo mchoraji hufanya kazi yake yote hadharani, kuanzia mstari wa kwanza hadi sahihi yake pembeni. Hafuti, harudii, na mara nyingi hana hata mchoro wa penseli wa kumwongoza. Katika matamasha ya katuni ya Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki fani hii hujaza kumbi. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa kazi ya kutengeneza vitabu vya katuni ni ya upweke mkubwa: mtu hujifungia na meza yake mchana na usiku, akihangaikia ukurasa ambao msomaji ataumaliza kabla chai haijapoa.

Fani yenyewe ilianzia jukwaani, kabla matamasha ya katuni hayajakuwepo. Winsor McCay, aliyekuwa akichora hadithi za Little Nemo katika gazeti la New York Herald tangu 1905, mwaka uliofuata alianza kupanda majukwaa ya New York akiwa na chaki na ubao. Onyesho lake maarufu lilikuwa la nyuso mbili, wa mwanamume na wa mwanamke. Alizianza zikiwa za watoto wachanga, kisha akazikuza na kuzizeesha mbele ya watazamaji mpaka zikafika ukongweni. Mwaka 1914 alikwenda mbali zaidi: alisimama kando ya pazia la sinema mjini Chicago akimpa amri Gertie, dinosa aliyemchora kwa mkono picha baada ya picha, naye Gertie akatii. Watazamaji wangeweza kuiona kazi ya McCay gazetini kwa senti chache tu. Walichofuata ukumbini ni kuiona ikizaliwa. Kiu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya Henri-Georges Clouzot, mwongozaji wa filamu wa Ufaransa, atengeneze mwaka 1956 filamu ambamo Pablo Picasso anachora upande mmoja wa karatasi na kamera iko upande wa pili. Wino unapenya, na mistari inajitokeza kama inayojichora yenyewe.

Matamasha ya katuni yalikuja baadaye. Lile la Lucca, Italia, lilianza kufanyika mjini humo 1966. Lile la San Diego, Marekani, lilianza 1970 katika hoteli moja. Mkutano wake mkubwa wa Agosti mwaka huo ulikuwa na watu wapatao 300, na leo huvuta zaidi ya 130,000. Angoulême, mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, ulifungua tamasha lake Januari 1974. Tokyo ikafuata Desemba 1975 na Comiket, soko la vitabu vya wachoraji wanaojichapishia wenyewe, ambalo lilianza na vikundi 32 na sasa huhudhuriwa na watu kwa mamia ya maelfu. Kila tamasha lilibeba tabia ya soko la vitabu la nchi yake, na tabia hizo ndizo zilizoamua mchoraji akae wapi, achore nini na alipwe nini.

Marekani mchoraji hukodi meza katika eneo la wachoraji, akapanga nakala zake na kuandika bei za michoro ya kuagizwa. Anayetaka mhusika fulani analipa, anazunguka ukumbini, kisha anarudi kuchukua. Ufaransa na Ubelgiji desturi ni nyingine. Msomaji hununua albamu, hupanga foleni kwenye kibanda cha mchapishaji, na mchoraji humchorea picha ndani ya kitabu chenyewe, kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Kwa miaka mingi picha hiyo ilihesabiwa kuwa zawadi, na mchoraji hakulipwa chochote kwa saa alizokaa pale. Malalamiko juu ya jambo hili yamekuwa makali, na ni ya haki: foleni hizo huuza vitabu, na mchapishaji hakai hapo kuchora.

Meza hiyo ya kibandani inafundisha mengi kuliko darasa. Karatasi iliyo mbele ya mchoraji ni sehemu ya kitabu cha mtu, kimeshalipiwa, kwa hiyo hakuna kuikunja na kuitupa pindi mkono ukiteleza. Mstari uliokosewa hugeuzwa kuwa mkunjo wa nguo, au kivuli, au nywele zilizopeperushwa na upepo. Mchoraji mzoefu hujua kabla ya kuanza ni pozi zipi zinaingia vizuri ukurasani, ni wino upi unakauka upesi, na kwamba mtoto aliyesimama mbele yake anataka kuona macho ya mhusika mapema, maana mpaka macho yapatikane hapo bado hakuna mtu. Anaongea huku akichora, anauliza jina la kuandikia, anacheka na anayefuata. Mdomo na mkono vinafanya kazi mbili tofauti, na hilo peke yake huchukua miaka kuzoeleka.

Aliyeifikisha fani hii kileleni katika karne hii ni Kim Jung Gi wa Korea Kusini. Alizaliwa 1975 na kusomea uchoraji katika Chuo Kikuu cha Dong-Eui mjini Busan. Alitumikia jeshi katika kikosi maalumu, na humo alitoka na hazina ya silaha na magari ya kijeshi kichwani, kila kimoja na boliti zake. Alianza kuchapisha katuni katika jarida la vijana, akafundisha uchoraji, na pamoja na mwandishi Park Seong-jin akatengeneza mfululizo wa TLT, hadithi ndefu iliyotolewa katika vitabu. Mpaka hapo alikuwa mchora katuni stadi anayejulikana nchini kwake.

Mwaka 2011 mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa sababu ndogo sana. Katika tamasha la katuni la Bucheon, karibu na Seoul, yeye na wenzake walikuwa na kibanda chenye kuta tupu. Wakazifunika kwa karatasi nyeupe, na Kim akaanza kuzijaza kwa kalamu siku baada ya siku, bila picha ya kuiga wala mchoro wa awali, huku kamera ikirekodi. Video ilipowekwa mtandaoni ilizunguka dunia. Kuanzia hapo alialikwa Angoulême, Marekani, China na kwingineko, akichora karatasi zenye urefu wa mita kadhaa mbele ya umati uliosimama kimya kwa saa nzima. Wakati mwingine alianza na jicho, wakati mwingine na kidole au kona ya injini ya pikipiki, na kutoka hapo picha ikatanda pande zote: wapiganaji, nguruwe, vizee, helikopta, pweza. Mtazamaji aliona sehemu zisizohusiana. Baada ya muda mguu ulioanzia kushoto ukaja kukutana barabara na kiuno kilichoanzia kulia, kwa vipimo sahihi, na minong'ono ikapita ukumbini.

Wengi walilihesabu jambo hili kuwa muujiza wa kumbukumbu. Maelezo aliyoyatoa mwenyewe katika mafunzo yake ni ya kawaida zaidi, na yana faida zaidi kwa mwanafunzi. Kila kitu alikiona kama umbo sahili lililokaa angani: sanduku, mcheduara, tufe. Mtu akishajua kuligeuza sanduku kichwani na kulitazama kutoka juu, chini au ubavuni, anaweza kuligeuza gari, na akishaligeuza gari anaweza kumkalisha dereva ndani yake. Jambo la kwanza kuamua ni usawa wa macho, yaani mtazamaji amesimama wapi na macho yake yako kimo gani. Hilo likishajulikana, kila kitu pichani kimeshapangiwa ni upande gani kitaonyesha na upande gani kitaficha. Kim alipenda hasa mtazamo uliopinda, ule wa lenzi pana ya kamera, ambamo mistari iliyonyooka hujikunja kadiri inavyosogea mbali na katikati. Kwa njia hiyo sakafu iliyo chini ya miguu na dari iliyo juu ya kichwa huingia katika picha moja. Ni mtazamo mgumu kuukokotoa kwa rula. Yeye aliuchora kwa mkono mtupu.

Sehemu ya pili ya ufundi wake ilikuwa kutazama. Alijaza vitabu vya michoro mfululizo, akichora ndani ya treni, mezani, akizungumza na watu, na vitabu hivyo vimechapishwa katika majalada manene yenye mamia ya kurasa kila moja. Hapo ndipo siri ya kasi ilipo: mkono hauwi mwepesi kwa kitu ambacho jicho halijakichunguza taratibu. Aliyewahi kuangalia jinsi kanyagio la pikipiki linavyokaa karibu na bomba la moshi atalichora kwa sekunde tano. Asiyewahi atakaa nalo asubuhi nzima na bado litaonekana la kubuni. Kalamu yake ya brashi, aina ambayo hubeba wino ndani ya mpini, nayo ilisaidia. Ncha hutoa mstari mwembamba kama unywele, na ikikandamizwa mstari hunenepa, hivyo uzito na kivuli huingia kwa mpigo uleule unaochora umbo.

Kuna wachoraji wa papo hapo wanaofuata njia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji wa Seattle, alianzisha jumuiya ya Urban Sketchers, ambayo sharti lake la kwanza ni kuchora ukiwa mahali penyewe, kwa kutazama kilicho mbele yako. Kuchora kwa kumbukumbu hakuruhusiwi, na picha ya kamera vilevile. Hata hivyo pande hizi mbili zinategemeana. Barabara iliyochorwa leo kwa kuitazama ndiyo itakayopatikana kichwani baada ya miaka 10, mchoraji atakapoihitaji ndani ya hadithi.

Na hadithi ni kazi ya namna nyingine. Karatasi kubwa ya tamasha humwachia mtazamaji aanze popote, jicho litange. Ukurasa wa katuni haumpi uhuru huo. Fremu zina mfuatano, kiputo cha maneno cha juu lazima kisomwe kabla ya cha chini, na mhusika anayekimbia kuelekea kulia akigeuzwa ghafla bila sababu, msomaji hupotea. Scott McCloud, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu namna katuni zinavyofanya kazi, alionyesha kwamba mengi hutokea katika nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu, ambako msomaji hujaza mwenyewe kile ambacho hakikuchorwa. Mchora katuni kwa hiyo lazima ajue kuacha. Kuna sababu ya kusema, bila kumvunjia heshima, kwamba kipaji cha Kim kilinawiri zaidi ukutani kuliko ndani ya fremu. Katika katuni ya SpyGames, aliyoichora kwa mswada wa Mfaransa Jean-David Morvan, jicho hutamani kusimama katika kila picha huku hadithi ikilihimiza lisonge mbele. Wapo wachoraji wa mistari michache ambao ukutani wasingevuta mtu, lakini ukurasani huwezi kuwaweka chini.

Kim alifariki Paris tarehe 3 Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka 47. Maumivu ya kifua yalimshika uwanja wa ndege akiwa safarini kwenda kwenye tamasha la New York. Siku chache baadaye mtu mmoja alitangaza mtandaoni kwamba ameifunza programu ya akili bandia kutoa picha za mtindo wa marehemu, na hasira ya wachoraji ikawaka. Picha hizo zilikuwa na wino mwingi, mistari mingi na silaha nyingi, lakini bunduki hazikuwa na namna ya kufyatuliwa wala viungo havikushikana, kwa sababu programu ilikuwa imeona michoro iliyokwisha kukamilika na haijawahi kuona sanduku lililogeuzwa chini yake. Mwanafunzi wa uchoraji ana bahati kuliko hiyo programu. Saa nyingi za video za maonyesho yake zimebaki, na katika hizo anaweza kusimamisha, kurudisha nyuma na kuona mstari upi ulitangulia, wapi kalamu ilisita, bega lilichorwa kabla ya kichwa au baada yake. Hayo ukurasa uliochapishwa hauyaonyeshi, hata ungekuwa mzuri kiasi gani.