Sauti ya Nani? Uhakiki wa Filamu "Virunga"

Katika filamu za wanyama wa pori kuna desturi ya tangu zamani: mnyama huonekana, na mtu asiyeonekana humsemea. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama kutoka Ujerumani, alitoa filamu juu ya Serengeti aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael, aliyekufa katika ajali ya ndege Januari ya mwaka huohuo. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mwaka mmoja kabla yake Wabelgiji walikuwa wametoa Les Seigneurs de la forêt, iliyopigwa katika Kongo ya kikoloni. Katika kazi hizo mbili msimulizi asiyeonekana ndiye mwenye neno. Mwenyeji wa nchi huchukuliwa kama sehemu ya maumbile. Uhakiki huu unakusudia kuuliza kama Virunga, filamu ya Mwingereza Orlando von Einsiedel iliyotolewa mwaka 2014 na kuteuliwa kugombea Oscar mwaka 2015, imeivunja desturi hiyo. Jibu letu ni kwamba imeivunja nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuhusu sisi.

Hifadhi ya Virunga iliundwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 7,800, nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Filamu inawafuata watu wanne: André Bauma, mlezi wa gorila yatima, Rodrigue Katembo, mkuu wa walinzi wa sehemu ya kati, Emmanuel de Merode, mkurugenzi wa hifadhi, na Mélanie Gouby, mwandishi wa habari Mfaransa. Mambo mawili yanawazunguka: vita vya M23 vya 2012 na 2013, na mpango wa kampuni ya Kiingereza SOCO wa kutafuta petroli ndani ya hifadhi.

Sifa kubwa ya kazi hii ni kwamba haina msimulizi. Inaanza na mazishi ya mlinzi, wala hakuna sauti ya mgeni inayotueleza tuhuzunike kiasi gani. Tunawaona wanaozika, na hilo linatosha. Baadaye Katembo na Gouby wanatumia kamera za siri kunasa mazungumzo yenye harufu ya rushwa. Kampuni ilikana tuhuma zote. Hata hivyo, kusema huko kulikuwa na gharama. Katembo alikamatwa na kuteswa Septemba 2013. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. De Merode alipigwa risasi tarehe 15 Aprili 2014 kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rumangabo, siku mbili kabla filamu haijaonyeshwa New York kwa mara ya kwanza. Katika filamu nyingi za wanyama anayehatarisha maisha ni mpiga picha anayemsogelea simba. Hapa aliye hatarini ni yule anayesema.

Tuje sasa kwenye lugha. Watu wa filamu hii husema Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, na maandishi chini ya picha huzigeuza lugha zote kuwa moja. Anayesikia Kiswahili hutambua mara moja pale msemaji anapotoka katika lugha ya ofisi na kuingia katika lugha ya kazi na ya undugu. Anayesoma maandishi halioni badiliko hilo. Ndivyo ilivyo kwa majina pia. Katika kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, wamelelewa gorila walioitwa Maisha na Matabishi. Kwa mgeni haya ni majina matamu tu. Sisi tunajua kwamba Maisha ni tamko la matumaini juu ya kiumbe aliyeponea chupuchupu, na kwamba matabishi kwetu ni ile nyongeza ambayo muuzaji humtilia mnunuzi juu ya kipimo. Aliyemwita mtoto wa gorila kwa jina hilo alitaka kusema kwamba amepewa asichokitarajia. Hakuna mstari wa tafsiri unaoweza kubeba hayo yote.

Neno lenyewe la mahali lina uzito wake. Vitabu husema hifadhi au mbuga. Mkulima wa Rutshuru husema parki. Hifadhi ni mahali panapotunzwa, lakini parki, katika kinywa cha jirani yake, ni mpaka: hapa usilime, hapa usikate mti, hapa usivue bila ruhusa. Nusu ambayo filamu haikuivunja imo katika tofauti hiyo. Kati ya watu wanne wanaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, hamna hata mmoja ambaye tembo amekula mahindi yake. Hamna mama wa Goma anayepika kwa makaa, yale tunayoyaita makala, ingawa biashara ya makaa ya msituni ilihusishwa na mauaji ya gorila ya mwaka 2007, ambayo ndiyo yaliyowaacha Ndakasi na Ndeze yatima. Mama huyo si adui wa gorila. Anatafuta moto wa kuivisha maharagwe. Filamu inayomwacha nje humrahisishia mtazamaji wa mbali kazi ya kupenda: anampenda mnyama na mlinzi wake, wala halazimiki kumfikiria jirani.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Bauma asingefaa kuonyeshwa. Mapenzi yake kwa yatima wale si ya maonyesho: Ndakasi alipokufa Septemba 2021, alikufa mikononi mwake. Tunalosema ni kwamba hadithi yenye mashujaa na wabaya ina mwisho, na Virunga haina mwisho wa namna hiyo. Juni 2014 SOCO ilikubali kusimamisha shughuli zake, na wengi waliona kwamba filamu imeshinda. Lakini tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa walinzi 12, dereva wa hifadhi na raia wanne karibu na Rumangabo. Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu vya petroli, baadhi yake vikigusa hifadhi. Mnada huo ulifutwa mwaka 2024. M23 nao walirudi, wakaiteka Rumangabo mwaka 2022 na Goma Januari 2025.

Basi thamani ya Virunga haipimwi kwa tuzo iliyoikosa. Imeonyesha kwamba mlinzi Mkongomani anaweza kuibeba filamu nzima kwa sauti yake mwenyewe, na baada yake ni vigumu kuivumilia sauti ya msimulizi anayetueleza nchi yetu. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kuyaandika maneno ya Kiswahili yaliyomo humo kama yalivyotamkwa, ili yasipotee chini ya tafsiri. Ya pili ni kwenda kwa yule mwenye shamba la mahindi, kumuuliza parki ni nini, na kumsikiliza mpaka amalize.