Bega la Mtu wa Wales

Mchezo wa raga siuelewi vizuri. Sisi wa Moshi tumekulia mpira wa miguu, na huo mpira wenye umbo la yai wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu. Kwa hiyo msomaji asitarajie kwamba nitampima Richard Parks kama mchezaji. Ninachotaka kukipima ni namna maisha yake yanavyosimuliwa, kwa sababu masimulizi hayo yamepita juu ya mlima ninaouona kila asubuhi nifunguapo dirisha, mawingu yakiniruhusu.

Parks alizaliwa mwaka 1977 huko Pontypridd, katika mabonde ya makaa ya mawe kusini mwa Wales, mama yake akiwa na asili ya Jamaika. Alicheza mbele, ubavuni mwa lile songamano la wachezaji wanaosukumana vichwa chini. Ni nafasi inayomtaka mtu awahi kila mpira ulipoangukia na kutanguliza bega kabla hajapata muda wa kufikiri. Timu ya taifa aliichezea mara 4. Zinaonekana chache, lakini zama hizo hizo Wales ilikuwa na Martyn Williams, mchezaji wa ubavuni vilevile, ambaye alikuja kufikisha mechi 100. Anayesimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa namna hiyo huzeeka akiwa na jezi ya mazoezi.

Mwaka 2004 klabu yake, Celtic Warriors, ilivunjwa baada ya msimu mmoja tu, na wachezaji wakatawanyika kila mmoja kutafuta mkate wake. Parks akaenda Leeds, kisha Perpignan kule Ufaransa, hatimaye akarejea kwao. Mwaka 2009 bega likagoma kabisa. Alikuwa na miaka 31, na kazi pekee aliyoijua ikawa imekwisha.

Hapa ndipo ninapomsifu. Wanamichezo wengi wanaposimulia maisha yao hurukia haraka kwenye ushindi unaofuata, kana kwamba aibu ya kuachishwa kazi na mwili wako mwenyewe ni kituo ambacho basi halisimami. Parks amesema waziwazi, mbele ya watu, kwamba alizama katika huzuni kubwa. Kwa mtu aliyelelewa katika mchezo unaomfundisha kuamka na kuendelea hata damu ikimtoka, kukiri hivyo si jambo dogo.

Kisha ikaja hesabu. Aliamua kupanda mlima mrefu kuliko yote katika kila bara, yaani milima 7, na kufika ncha 3 za dunia, kwa miezi 7. Alianzia Ncha ya Kusini mwishoni mwa mwaka 2010, akamalizia mlima Elbrus, Urusi, Julai 2011, na safari yote ilichangisha fedha kwa ajili ya shirika la Marie Curie linalouguza wagonjwa walio katika siku zao za mwisho. Ni kazi kubwa. Hata hivyo, anayehesabu kwa makini ataona kwamba Everest imehesabiwa mara mbili, mara moja kama kilele cha Asia na mara ya pili kama ncha ya tatu. Nilicheka kidogo nilipogundua. Wauza ndizi wa Kiboriloni wangeitambua hesabu hiyo.

Kibo yetu ilimpata mapema mwaka 2011. Katika habari nyingi nilizosoma juu yake mlima huu hupita kwa sentensi moja au mbili, nami silalamiki. Mtu anayetoka Aconcagua na anayekwenda Everest ana haki ya kuuona mlima wa mita 5,895 kama mahali pa kuvutia pumzi. Linalonisumbua ni kitenzi. Habari hizo zote husema "alipanda". Umoja.

Sheria ya hifadhi haimruhusu mgeni kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji, na nyuma ya mwongozaji wako wapagazi, wale tunaowaita wagumu, kila mmoja na mzigo usiotakiwa kuzidi kilo 20, kichwani au begani. Mwaka 2014 Parks alifika tena Ncha ya Kusini akivuta sleji yake mwenyewe juu ya barafu kwa siku 29 na ushei. Kule neno "peke yake" ni kweli tupu, nami namvulia kofia. Huku Kibo neno hilo halina pa kukaa.

Wala si kosa la Parks, ni la mtindo wenyewe, na mtindo huu una umri. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na vitabu vikaandika majina mawili. Marangu husimulia kwamba Yohani Kinyala Lauwo ndiye aliyewaonyesha njia. Wapo wanaopiga hesabu ya umri wake, kwa kuwa alifariki mwaka 1996, wakasema haiwezekani. Mimi siingii katika mabishano hayo. Ninachojua ni kwamba Meyer hakujibebea hema.

Sisi nasi tujitazame. Kila mtoto wa shule anajua kwamba Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge kileleni nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Niliwafundisha hivyo kwa miaka mingi. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kuniuliza Nyirenda alifuatana na nani, na mimi mwalimu sikuwahi kujiuliza.

Ninasema haya kwa sababu nina kaka. Alibeba mizigo ya mlimani tangu ujanani, mpaka siku alipoteleza kwenye mawe akishuka na mzigo ambao hakuna aliyeupima. Kampuni iliyomwajiri ilimlipa siku zake zilizobaki, basi. Mpaka leo mkono wa kulia haupiti usawa wa kidevu. Akinywa mbege hushika kibuyu kwa kushoto.

Jumapili moja nilimpelekea habari za Parks, tukaketi chini ya migomba pale kihambani, nikawa nasoma na kumtafsiria. Alisikiliza sana sehemu ya bega. Aliniomba niirudie, ile ya madaktari na ile ya kukaa nyumbani bila kujua asubuhi inaanzia wapi. Akatikisa kichwa.

"Huyu namfahamu," alisema.

"Kaka, ulimbeba?"

"Mwaka 2011 mimi nilikuwa nimeshakaa hapa siku nyingi. Nasema namfahamu."

Nikaendelea na ile milima. Nilipofika Kilimanjaro nikasoma sentensi yake, nikaingia inayofuata. Aliinua mkono wa kushoto kunisimamisha.

"Mwalimu, ngoja. Kwetu ndiyo tumeshapita?"

"Tumeshapita, kaka."

"Basi rudi nyuma utazame. Hawakuandika mzigo wake ulikuwa kilo ngapi?"

Nilirudi nyuma nikatazama, ingawa nilijua haumo.