Kupima Kilevi cha Mbege

Mtu akipiga funda la mbege akakunja uso, walio karibu husema, "Hii kali." Lakini huenda alichoonja ni uchungu wa msesewe, gome ambalo Wachaga hulitia katika pombe hiyo, au uchachu tu. Kilevi hakijulikani kwa ulimi.

Chombo cha kukipima ni haidromita, mrija wa kioo unaoelea: sukari ikizidi, nao hupanda. Kwenye maji safi husoma 1.000. Kwa bia ya shayiri hesabu ni nyepesi. Unasoma kabla ya kutia hamira, unasoma tena ikishachacha, unatoa, unazidisha kwa 131.25. Ikishuka kutoka 1.050 hadi 1.010, kilevi ni asilimia 5 na ushee.

Kwa mbege siiamini hesabu hiyo. Ndizi zilizopikwa huchacha kwanza, kisha ndipo unakuja uji wa kimea cha ulezi na sukari yake. Utasema ulianzia wapi kusoma?

Njia ya kuaminika ni kukifukuza kilevi chenyewe. Chuja mbege kwa kitambaa kizito, ilaze kwenye friji hadi unga utuame, kisha chota ya juu. Imimine toka glasi hadi glasi mpaka gesi iishe, maana mapovu yakiganda kwenye haidromita huiinua. Pima mililita 250, soma zikiwa na joto lililoandikwa kwenye haidromita, mara nyingi nyuzi 20. Chemsha kwa moto mdogo hadi ibaki nusu. Ikianza kuwa nzito kama uji, unga haukutuama. Mwaga, anza upya. Ikipoa, ongeza maji safi hadi zitimie 250 zilezile, usome kwa joto lilelile.

Kilevi ni chepesi kuliko maji, hivyo kikitoka namba hupanda. Kutoka 1.012 hadi 1.019 ni pointi 7, yaani karibu asilimia 5. Pointi moja tu ni kama asilimia 0.7, kwa hiyo shusha jicho lilingane na uso wa pombe, usome chini ya mkunjo wake, si pale inapopanda kwenye kioo. Andika na saa uliyochota: mbege ya asubuhi bado inachacha, na jioni itasoma vingine.