Hongereni, Walinzi wa Mawimbi

Jumapili asubuhi, ufukweni Australia, watoto wamelala kifudifudi mchangani. Nyuma yao vimechomekwa vipande vya mpira. Filimbi inalia: wanainuka, wanageuka, wanatimua mbio. Vipande ni vichache kuliko watoto, kwa hiyo lazima mtu akose. Utadhani ni mchezo tu, kumbe ndio mwanzo wa kufundishwa kuokoa maisha.

Watoto hawa huitwa Nippers, na huanza wakiwa na miaka 5. Samaki mkunje angali mbichi. Wakitimiza 15 wanaruhusiwa kuitafuta Medali ya Shaba, yaani sifa ya kuwa mwokoaji ufukweni: kukimbia mita 200, kuogelea 200 baharini, kisha kukimbia 200 tena, yote ndani ya dakika 8.

Klabu ya waokoaji ya ufukwe wa Bondi ilianzishwa mwaka 1907, na hadi leo wanaojitolea ndio uti wa mgongo wa kazi hii. Ninachowapongezea zaidi ni namna wanavyowashika vijana wasitoroke: huwapa dhamana, si sifa. Aliyekuwa akigombea kipande cha mpira juzi, leo amevaa kofia nyekundu na njano, anawafundisha wadogo zake. Aliyeaminiwa mapema huona haya kutega zamu.