Kibatari: Kopo Tupu Linavyogeuzwa Taa

Kibatari, ambacho wengine hukiita koroboi, ni taa ndogo ya mafuta isiyo na chemni, inayoundwa kwa kopo lililokwisha kazi jikoni. Kwa miongo mingi ndicho kilichomulika nyumba za Tanzania na Kenya zilizokosa umeme na zisizomudu taa ya chemli. Anayekitazama juujuu hukiona kitu duni, lakini hakuna kiungo chake kilichowekwa bila sababu.

Kazi huanzia kwenye kuchagua kopo. Makopo ya maziwa ya unga au ya nyanya huwa ya feleji nyembamba iliyopakwa madini ya stani, na stani hiyo ndiyo bahati ya fundi bati: lehemu, ambayo nayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa stani na risasi, huishika vizuri. Kopo la soda la alumini halifai, maana utando wa oksidi ulio juu yake huikataa lehemu.

Bati hukatwa kwa mkasi, hunyooshwa kwa nyundo, kisha huviringishwa liwe kiwiliwili cha taa. Kingo zake mbili hukunjwa, moja ikanasa ndani ya nyingine, zikagongwa zilale. Mkunjo huo ndio unaobeba nguvu. Lehemu kazi yake ni kuziba mafuta yasivuje. Kabla ya kulehemu, maungio hupakwa asidi iliyotiwa zinki ili kuondoa uchafu na kutu. Zinki yenyewe hupatikana kwenye maganda ya betri kavu zilizokwisha, kwa hiyo taka moja huunganisha nyingine. Chuma chenye kichwa cha shaba nyekundu hupashwa kwenye mkaa, nayo lehemu huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto zisizofika 200 za Selsiasi.

Ustadi wa fundi hupimwa kwenye mrija wa utambi. Kipande chembamba cha bati huviringishwa kwenye msumari, kikapitishwa kwenye tundu katikati ya mfuniko na kulehemiwa pale chini. Ncha ya juu, iliyo jirani na moto, haitiwi lehemu kwa sababu ingeyeyuka. Hapo mkunjo peke yake unatosha. Mrija lazima uchomoze juu ya mfuniko ili moto ukae mbali na mafuta. Ukiwa mfupi, kopo hupata joto na mvuke wa mafuta huongezeka ndani. Ukiwa mpana kuliko utambi, mafuta humwagika taa inapoanguka, na moto huweza kuyafuata.

Utambi ni kitambaa chakavu cha pamba. Nailoni haifai, kwani huyeyuka. Mafuta ya taa hupanda yenyewe katika nafasi ndogo zilizo kati ya nyuzi za pamba, hugeuka mvuke kwenye ncha, na mvuke huo ndio unaowaka. Utambi ukivutwa juu sana, mvuke huzidi hewa inayoufikia, kaboni isiyoungua ikatoka kama masizi. Hata utambi mfupi hutoa moshi, kwa kuwa hakuna chemni ya kuvuta hewa na kuielekeza kwenye mwali. Hiyo ni kasoro ya umbo lenyewe, na hakuna fundi awezaye kuiondoa.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali, na kopo linaweza kulipuka. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kaya ziache kutumia mafuta ya taa kwa sababu ya moshi wake, ajali za moto na sumu. Taa za sola sasa zinakiondoa kibatari, na inafaa kiondoke. Ila ufundi wa mkunjo na lehemu ungali unatoa faneli, vikombe na mikebe kutoka kwenye makopo yaleyale, na vyuo vya ufundi vifanye hima kuurithi kwa mafundi wazee wangali hai.